Theluji ya Machipuko: Jinsi ya Kujua Mteremko Umefunga au Umelegea

Majira ya machipuko, maporomoko ya theluji hufuata saa. Mteremko uliokubeba vizuri saa 1 asubuhi unaweza kukushusha nao saa 6 mchana.

1. Anza na usiku. Anga likiwa wazi bila mawingu, theluji hutoa joto lake juu na uso wake huganda hata hewa ikiwa nyuzijoto 1 au 2 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, joto hurudi chini, na kinachoganda ni ngozi nyembamba ya juu ya theluji tu. Kwa hiyo usiamini kipimajoto peke yake. Tazama kama nyota zinaonekana.

2. Pima ganda kwa mguu. Vua ski (mbao ndefu za kutelezea thelujini), simama kwa mguu mmoja. Ukizama, basi halikuganda vya kutosha. Ski zilikuwa zinakuficha tu kwa kutandaza uzito wako.

3. Pima mwinuko. Laza fimbo ya ski juu ya theluji, weka juu yake simu yenye programu ya kupima pembe. Mengi ya maporomoko ya mabamba (tabaka zima la theluji linapokatika na kuteleza kwa pamoja) huanzia kwenye nyuzi 30 hadi 45. Pima na kilicho juu yako: njia tambarare chini ya genge bado ni njia ya hatari.

4. Lifuate jua. Upande wa mashariki hulainika kwanza, kisha kusini, mwisho magharibi (kusini mwa ikweta, weka kaskazini mahali pa kusini). Wakati mzuri ni pale sentimita 2 au 3 za juu zimelainika na chini bado kugumu. Utausikia: mkwaruzo wa ski hugeuka mchakacho laini. Hapo teremka, usingoje mwenzako amalize chai.

5. Jua wakati wa kuondoka. Vibonge vya theluji vikianza kujiviringisha vyenyewe, au buti likizama hadi kifundoni, hamia upande mwingine wa mlima. Ukizama hadi gotini umeshachelewa. Finya theluji kiganjani: ikichuruza maji, maji hayohayo yanapita kati ya chembe na kuzitenganisha, na yakikuta tabaka la barafu au ardhi yenyewe, yanaitelezesha theluji yote iliyo juu. Nyufa pana zinazofika ardhini hazina saa. Hukatika hata usiku, kwa hiyo usipumzike chini yake. Kingo za theluji zinazoning'inia kileleni nazo hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani.

6. Vifaa, na kufukua. Kila mtu abebe kifaa cha mawimbi cha kutafutania (457 kHz), ufito mrefu wa kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi la chuma. La plastiki halifui dafu, maana theluji iliyolowa ikishaporomoka na kutulia hukaza kama saruji. Vukeni mteremko mtu mmoja mmoja. Mtu akifunikwa, wote wabadilishe vifaa vyao vya mawimbi kutoka kutuma hadi kutafuta mara moja, kwa kuwa baada ya dakika 10 hivi nafasi ya kumpata hai hushuka haraka. Choma ufito kwa kuzunguka, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Ukimgusa, uache papo hapo. Shuka chini ya ufito, umbali wa mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, uchimbe kumwelekea. Usisimame juu yake, utabana nafasi anayopumulia.