Okidi yako nyeupe haina harufu? Inuse usiku

Wenye okidi za kwenye chungu, kama yako ni zile nyeupe zenye umbo la nyota na kimkia chembamba kinaning'inia nyuma ya ua (Angraecum na Aerangis, hizi za kwetu Afrika na Madagaska), usiinuse mchana ukasema haina kitu. Jua likishazama iingize sebuleni, weka juu ya meza, zima feni, funga dirisha, halafu rudi baada ya saa moja hivi. Mimi nimejua juzi tu na sasa kila jioni nabeba chungu, harufu inajaa chumba kizima, tamu kama asmini vile. Sababu ni kwamba ua linamwita nondo wa usiku mwenye ulimi mrefu, asali iko chini kabisa kwenye kile kimkia (kwa Angraecum sesquipedale kinafika karibu sentimita 30!) sasa mchana linanukia la nini wakati mgeni wake kalala?

Haitakusaidia kama ulichonunua ni Phalaenopsis za kawaida za madukani, nyingi hazina harufu saa yoyote. Ua lililofunguka leo pia lipe siku mbili tatu. Na kama bado ni vitumba usihamishehamishe chungu jamani, vinaweza kudondoka, subiri vifunguke kwanza. Asubuhi irudishe kwenye mwanga, maji mpe mizizi ikigeuka rangi ya fedha, ikiwa bado kijani acha.