Jinsi ya kutambua miungu kwenye sarafu za shaba za Warumi

Kwanza kabisa usiisugue na ndimu wala siki jamani, ule ukijani wa juu ndo umeikinga miaka yote hiyo, ukiutoa umeiua. Ishike ukingoni, washa tochi ya simu uilaze ubavuni sio juu, hapo ndo michoro inajitokeza. Upande wenye kichwa kwa kawaida ni kaizari, achana nao, geuza. Ukiona jamaa kasimama karibu uchi, kichwani miale, mkono wa kulia kaunyanyua wa kushoto kashika tufe, huyo ni Sol, mungu jua, zungusha macho pembeni utafute SOLI INVICTO COMITI, yaani kwa Jua lisiloshindwa, mwenza wa kaizari, na ziko kibao za kaizari Constantine, huyohuyo anayesifiwa kwa Ukristo, mi hunichekesha kila mara. Ukikuta maandishi CONSECRATIO na tai au madhabahu? Kaizari kafa, kafanywa mungu. Ila X iliyopitiwa na P katikati, ubavuni alfa na omega, hiyo ni alama ya Kristo, kama zile za kaizari Magnentius za mwaka 353 BK. Herufi za chini kabisa ni za karakana iliyotengeneza sarafu, mfano PLN ni London.