Sudoku ngumu: namna ya kuimaliza bila kubahatisha (soma hapa kabla ya kuniuliza)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne swali lilelile: "Nikikwama nafanyaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

Tuelewane kwanza. Sudoku ni fumbo la vyumba 81: kila mlalo, kila wima na kila boksi lazima liwe na namba 1 hadi 9, kila moja mara moja tu. Mlalo ni mstari wa kushoto kwenda kulia, wima ni wa juu kwenda chini, boksi ni ule mraba wa vyumba 9. M4W7 ni chumba cha mlalo wa 4, wima wa 7.

1. Jaza yaliyo wazi. Hili halihitaji mwalimu.

2. Andika wagombea: ndani ya kila chumba kitupu, kwa herufi ndogo, namba zote zinazoweza kukaa humo. Vyumba vyote, si vile vinavyokupendeza.

3. Namba iliyobanwa. Kama ndani ya boksi la kwanza (la juu kushoto) 5 inaweza kukaa mlalo wa 1 tu, futa 5 zote za mlalo wa 1 zilizo nje ya boksi hilo.

4. Mapacha. Vyumba viwili vya mlalo mmoja vina 3 na 8 tu? Basi namba hizo zimeshapata kwao, zifute kwingine kote kwenye mlalo huo. Kimoja kikiwa na 3, 8 na 6, hao si mapacha. Wapo pia wanaojificha: 1 na 9 zikionekana ndani ya boksi kwenye vyumba viwili vilevile tu, vyumba hivyo ni vyao hata kama vimejaa wagombea wengine. Hao wengine ndio unaowafuta.

5. Kona nne. Kwenye programu za simu utaiona kwa jina la X-Wing. Tuseme mlalo wa 2 una nafasi mbili tu za 7, wima wa 4 na wa 8. Mlalo wa 6 nao una nafasi mbili tu za 7, wima hizohizo. 7 ikikaa M2W4, ya chini lazima iende M6W8. Ikikaa M2W8, ya chini inakwenda M6W4. Vyovyote iwavyo, wima wa 4 na wa 8 zimeshapata 7 zao, kwa hiyo futa 7 nyingine zote kwenye wima hizo mbili.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Niko kwa kinyozi nasubiri zamu, gazeti gotini, nikaona kona nne nzuri ajabu. Nikafuta 7 tano kwa mpigo. Kumbe M6W2 sikuwa nimekiandikia wagombea kwa uvivu, na 7 ilikuwa inaweza kukaa humo. Yaani mlalo ule ulikuwa na nafasi tatu, si mbili. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halikuumbui palepale. Niliendelea kujaza kwa raha, nimeshanyolewa, nimeshafika nyumbani, ndipo boksi la mwisho likanidai 4 mbili. Huwezi kurudi nyuma, kwa sababu hujui uliharibu wapi. Kwa hiyo, kabla ya kufuta, hesabu upya nafasi za namba hiyo kwenye milalo yote miwili, chumba kwa chumba. Na ukiigundua kwa milalo, unafuta kwenye wima. Ukiigundua kwa wima, unafuta kwenye milalo. Wengi hugeuza.

MASWALI

Kibarua: Mkuu yangu imegoma, nisaidie.
— Imegoma wapi? Hujaweka hata picha.

Kibarua: Nimeweka.
— Sioni mgombea hata mmoja. Hatua ya 2.

Mama Pacha: Mbona mimi naweka namba yoyote, ikikataa nafuta, na namaliza?
— Hakuna aliyekukataza, dada. Kichwa cha somo kinasema bila kubahatisha. Ikikubali hatua 20 ndipo ikatae, utakumbuka ulipoanzia?

Mzee wa Kahawa: Akitaka kubahatisha, aanze na chumba chenye wagombea wawili, na apige picha kwanza.
— Haya. Lakini si somo langu.

Binti Hesabu: Kona nne nimeielewa, asante. Nina vyumba vitatu: M5W5 kina 2 na 5, M5W1 kina 2 na 9, M9W5 kina 5 na 9. Nahisi vinaniambia kitu ila sikioni.
— Umeona vizuri sana! Anza na M5W5. Kikiwa 2, M5W1 kinakuwa 9. Kikiwa 5, M9W5 kinakuwa 9. Lazima mmojawapo awe 9. Sasa tazama M9W1: kiko wima mmoja na M5W1 na mlalo mmoja na M9W5. Hakiwezi kuwa 9. Kifutie, kisha niambie kimebaki na nini.

Binti Hesabu: Kimebaki 6 peke yake! Kila kitu kimefunguka.

Dogo wa Shifti: Yangu ina namba 16 tu za kuanzia. Naanzaje?
— Huanzi. Mwaka 2012 timu ya Gary McGuire, University College Dublin, ilithibitisha kwa kompyuta kuwa fumbo lenye jibu moja haliwezi kuwa na namba chini ya 17. Hesabu tena.

Dogo wa Shifti: Ni 24, niliruka mlalo mzima wakati wa kunakili.

Mama Pacha: Hawa Wajapani wana akili jamani.
— Jina ndilo la Kijapani. Fumbo lilitoka Marekani mwaka 1979, likiitwa Number Place. Kampuni ya Nikoli ya Japani ilianza kulichapisha 1984.

Mzee wa Kahawa: Kwa wanaonakili: chukueni daftari la hesabu lenye viboksi. Kila chumba kipeni viboksi 3 kwa 3. Mgombea 1 anakaa juu kushoto, 5 katikati, 9 chini kulia, siku zote palepale. Mapacha utawaona bila kusoma namba.
— Hii naichukua, mzee wangu. Nimekuwa nikiwarundika pembeni miaka yote.

Kibarua: Nimeandika wagombea wote. M3W6 ilikuwa 4 muda wote.
— Ndiyo.