Udongo, chai na vidonge: ninavyopanga madini nikiwa na kolaitisi

Kabla sijajua kwamba utumbo wangu unavuja damu, nilikuwa natafuna udongo. Ule wa vijiti, wanaonunua akina mama wajawazito soko la Mgandini. Mimi sikuwa na mimba. Nilikuwa na miaka 34, nashona nguo hapa Ngamiani, Tanga, na kwenye droo ya cherehani, pembeni ya bobini na chaki, sikosi kifuko cha udongo. Wateja wakinikuta natafuna wananipa hongera.

Hamu ya udongo, na kwa wengine ya barafu au mchele mbichi, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini chuma. Ubaya wake, udongo wenyewe hushika chuma na zinki tumboni vikatoka navyo. Kwa hiyo ukitafuna unapungukiwa, na ukipungukiwa unatafuna zaidi.

Miaka miwili nilitibiwa amiba, taifodi na minyoo, kwa zamu. Mwishowe nikapanda basi kwenda Dar, nikapigwa kipimo cha kamera kwa njia ya haja kubwa, wakakuta kolaitisi ya vidonda: utumbo mpana umevimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na hupenda sana mwisho wa utumbo mwembamba.

Niseme mapema: madini hayaponyi magonjwa haya. Dawa za daktari ndizo zinazotuliza michomo, yaani ule uvimbe na kuchubuka kwa ndani. Kazi ya kupanga madini ni kurudisha kinachovuja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, lakini pakacha lao halikuwa utumbo.

Pima kabla ya kukata

Mteja akiniletea kitenge siendi moja kwa moja kwenye mkasi. Na wewe usikimbilie duka la dawa. Omba vipimo vitatu vichukuliwe siku moja: wingi wa damu, ferritini, na kipimo cha michomo kinachoitwa CRP. Kwa nini pamoja? Ngoja nikuonyeshe karatasi yangu ya kwanza.

Damu (hemoglobini) gramu 8.1 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike angalau 12, mwanaume 13. Ferritini 46, na haikuwekewa nyota kwa sababu ilikuwa ndani ya mipaka. Hospitali nilikopimwa nikaambiwa chuma ninacho, nikale vizuri. Kumbe ferritini, ambayo kwa kawaida inaonyesha akiba ya chuma, hupanda yenyewe mwili ukiwa na michomo, hata kama ghala limebaki vumbi. Bila michomo, upungufu unahesabiwa ikiwa chini ya 30. Michomo ikiwepo, hata ukisoma hadi 100 bado unaweza kuwa umepungukiwa. CRP yangu ilikuwa juu, ila hakuna aliyeziweka zile namba mbili pamoja.

Chuma: saa yake na majirani zake

Baadaye nikaandikiwa vidonge vya damu, kimoja mara tatu kwa siku. Nikavinywa kwa bidii, cha asubuhi kwa chai ya maziwa na maandazi mawili. Baada ya miezi mitatu damu ilikuwa 8.4. Daktari wa tumbo kule Dar akaniuliza, "Dada, ulikuwa unavinywa na nini?" Nikamwambia na chai. Akacheka: "Basi iliyopona upungufu wa damu ni chai, si wewe."

Majani ya chai hufunga chuma, na kalsiamu ya maziwa hugombea nacho mlango mmoja. Halafu, ugonjwa ukiamka, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini ambayo hufunga huo mlango. Unakula maini na unameza vidonge, lakini kingi kinapita tu, na chuma kinachobaki utumboni huweza kukuchafua tumbo zaidi. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za chuma halisi. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa haya Ulaya unasema usizidi 100 kwa siku. Mimi kwa vidonge vitatu nilikuwa nakaribia 200, na tumbo linanikata usiku kucha.

Kwa hiyo ugonjwa ukiwa macho, au damu ikiwa chini ya 10, au vidonge vikikushinda, muulize daktari kuhusu dripu ya madini chuma. Hiyo inapita kwenye mshipa, haiombi ruhusa ya utumbo. Inatolewa hospitali, ukiwa chini ya uangalizi.

Ugonjwa ukitulia, ratiba yangu ni hii, na niliikubaliana na daktari: chai saa moja asubuhi, kidonge kimoja saa nne na juisi ya chungwa la Muheza, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kuruka siku kuna maana yake. Dozi ya leo hupandisha ile hepsidini, kwa hiyo ya kesho ingefyonzwa kidogo. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Cha kushtukia ni damu nyekundu, au choo cheusi kama lami ilhali humezi chuma.

Kwenye chakula, chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri kuliko cha mboga na mikunde. Maharage na kunde naloweka usiku, namwaga yale maji. Unga wa ulezi nauchachusha kabla ya kupika uji. Kufanya hivyo hupunguza fitati, kitu ndani ya nafaka na mikunde kinachong'ang'ania chuma na zinki. Bibi zetu walichachusha kwa ajili ya ladha, lakini walitupa faida mbili kwa bei ya moja. Juu ya mboga, kamua ndimu.

Kalsiamu, hasa ukiwa kwenye prednisoloni

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza michomo, ilinituliza ndani ya wiki, siisemi vibaya. Lakini ukiitumia kwa muda mrefu hula mifupa na hupunguza ufyonzaji wa kalsiamu. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1000 kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 inakupa kama 300. Maziwa freshi yakikujaza gesi, jaribu mtindi, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Dagaa nao, ukiwala wazima na mifupa yao, ni kalsiamu tupu. Mimi mtindi na dagaa nimeviweka jioni, mbali na kile kidonge cha saa nne. Vitamini D iulizie kwa daktari, kwani bila hiyo kalsiamu haiingii vizuri.

Sasa habari ya shemeji yangu. Yeye ana Crohn, na alikatwa kipande cha mwisho wa utumbo mwembamba. Alikuwa mtu wa mchicha, sahani nzima kila siku, apate damu. Akapata mawe ya figo. Mchicha una oksaleti nyingi, kitu cha asili cha mimea kinachoweza kujenga mawe. Kwa kawaida kalsiamu huikamata tumboni ikatoka na choo, lakini aliyekatwa sehemu hiyo hashiki mafuta vizuri, na mafuta yasiyofyonzwa huiteka kalsiamu. Oksaleti ikibaki huru inakwenda kwenye figo. Aliambiwa anywe maji mengi, apunguze mchicha na mafuta, na akiula aule pamoja na kitu chenye kalsiamu. Mimi utumbo wangu mwembamba ni mzima, mchicha nakula. Ndiyo maana usinakili sahani ya mwenzako.

Zinki na vile vinavyotoka na maji

Zinki hupotea kwa kuharisha, na ikipungua vidonda huchelewa kupona na ladha ya chakula hupotea. Mwanamke anahitaji miligramu 8 kwa siku, mwanaume 11. Ipo kwenye nyama, pweza, kaa, na mbegu za maboga (nazitwanga kwanza, na ugonjwa ukiwa macho sizigusi kabisa, mwenye utumbo uliobana aulize kabla). Jirani alinishauri nimeze zile za watoto wanaoharisha, za miligramu 20, "hazina madhara." Kwa siku chache sawa. Kwa miezi, ukipitisha 40 kwa jumla na ya chakula, zinki inazuia shaba isifyonzwe, na shaba ikikosekana damu inapungua tena. Unarudi ulikotoka kwa mlango wa nyuma.

Siku za kwenda chooni mara kumi, sahau mambo ya sahani, rudisha maji na chumvi. Pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji ni bora kuliko vyote. Ukiikosa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, si vya kurundika. Dafu lina potasiamu nyingi, na kuharisha na prednisoloni vyote viwili huimaliza potasiamu, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo peke yake halitoshi. Mwenye shida ya figo asijaribu bila kuuliza. Moyo ukidunda ovyo, miguu ikilegea au usipopata mkojo, nenda hospitali.

Magnesiamu nayo huvuja. Mimi ilinijulisha kwa vidole kukakamaa nikiwa kwenye cherehani. Ila vidonge vyake huharisha, na dawa nyingi nyeupe za kiungulia zinayo. Niliinywa chupa nzima kabla ya kusoma lebo.

Vipimo rudia kila miezi mitatu ugonjwa ukiwa macho, na kila miezi sita hadi kumi na miwili ukitulia. Andika tarehe na namba kwenye daftari lako mwenyewe, kwa sababu faili hupotea. Mimi nimeandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho: damu 12.3, ferritini 118, CRP chini. Kipimo kingine ni tarehe 14. Siku hiyo sishoni.