Kadi ya njano: chanja mapema, kagua mhuri

Kama unapanga kuizunguka dunia miaka nenda miaka rudi, chanja homa ya manjano mapema. Cheti chake, yaani kadi ya njano, huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanja leo na kesho unapanda ndege, unaweza kuzuiwa mpakani. Habari njema: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Kabla hujatoka kituo cha chanjo, kikague cheti papo hapo. Jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti, kiwe na tarehe, namba ya chanjo, sahihi na mhuri. Mhuri haupo? Usiondoke! Picha ya simu ni akiba tu. Mpakani huulizwa karatasi yenyewe.