Kumsaidia mtoto asikate tamaa anapohifadhi Juzuu Amma

Mtoto wa miaka 10 hadi 12 anayesema kwamba anataka kuhifadhi Juzuu Amma, yaani ya mwisho kati ya juzuu 30 za Qurani, kabla ya Ramadhani ijayo amejiwekea lengo kubwa, kwa kuwa juzuu hiyo ina sura 37 zenye aya 564. Kabla ya kumpangia lolote, muulize kwa utulivu sababu ya kulitaka jambo hilo. Huenda anatamani kuwasalisha wadogo zake, au anataka kumfurahisha bibi yake. Jibu hilo, hata likiwa la kitoto, ndilo utakalomkumbusha siku atakapochoka, kwa maana sababu zako wewe mzazi hazitamsukuma sana siku hiyo.

Uchovu huo huwa na mahali pake, na mzazi anayepajua hashtuki. Watoto wengi huanzia An-Nas, sura ya mwisho, na kupanda kuelekea An-Naba, ya kwanza katika juzuu hiyo, hivyo mwanzoni mambo huenda mbio: sura 10 kuanzia Al-Fil hadi An-Nas zina jumla ya aya 48 tu. Wakifika Al-Bayyina, yenye aya 8 lakini ndefu, mwendo hupungua, na huko mwishoni An-Naziat ina aya 46 na An-Naba 40. Mtoto aliyezoea kumaliza sura kila baada ya siku chache hujiona amekwama, ilhali hajapunguza bidii hata kidogo. Nionavyo mimi, wanaoacha hapo hawana kosa. Kosa ni la kipimo walichopewa. Kwa hiyo hesabuni aya tangu siku ya kwanza, na mtoto awe na daftari lake ambamo kila jioni ataandika kwa mkono wake aya alizoongeza na jumla aliyofikia.

Akihifadhi aya 3 kwa siku, juzuu nzima humchukua siku 188, nanyi mkiongeza nafasi kwa ajili ya aya ndefu, maradhi na safari, mtapata tarehe ya kweli. Baada ya Alfajiri akili huwa imetulia, lakini mwanafunzi anayewahi shule atafaidika zaidi kati ya Magharibi na Isha. Aya mpya azisome kwanza mbele ya mwalimu wake wa madrasa, kwa sababu tamko lenye kosa likishazoeleka ulimini huwa gumu kung'oa.

Nusu ya muda iwe ya kudurusu yale ya zamani. Hili nalisisitiza, kwani hakuna kinachomvunja mtoto moyo kama kugundua kwamba sura aliyoimaliza imempotea. Mzazi asiyehifadhi anaweza kushika msahafu na kumfuatilia, na kukaa kwake hapo kila jioni kuna nguvu kuliko ahadi ya baiskeli. Zawadi si mbaya, ila sura mpya ipate kazi mapema: aisome katika sala zake, au ampigie bibi simu amsomee. Usimlinganishe na mtoto wa jirani hata kwa kumsifu.

Mitihani ya shule ikikaribia, adurusu tu bila kuongeza aya. Akisema kwamba anataka kuacha kabisa, mpe wiki moja ya namna hiyo, kisha mkae pamoja na mwalimu wake mlifungue daftari. Kama tarehe itabidi isogezwe, aichague mtoto mwenyewe na kuiandika.