Somo: ukiona uvimbe kwenye ini usikimbilie kuandika kansa (wala kuandika salama)

Wakuu, hili ni la wanaopiga ultrasaundi na wanaosoma CT, mgonjwa anaishi na kile ulichoandika kwenye ripoti.

Hatua ya 1. Lijue ini kwanza. Muulize homa ya ini B, pombe, kansa ya sehemu nyingine. Doa jeupe lenye kingo safi kwenye ini lisilo na ugonjwa mara nyingi ni hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu, si kansa), haina shida, ila kwa mwenye homa ya ini B sugu au sirosisi (ini lililojaa makovu) usimruhusu aende hivyo, kansa ndogo nayo huwa nyeupe vilevile, mpeleke CT.

Hatua ya 2. Mafuta. Ini lenye mafuta linang'aa, kwahiyo hemanjioma inaweza kuonekana nyeusi, na kale kasehemu kasikoshika mafuta karibu na kifuko cha nyongo kanafanana na uvimbe. Mishipa ikikatiza bila kusukumwa, shuku mafuta.

Hatua ya 3. CT ya awamu zote (picha za nyakati tofauti baada ya kuchoma kontrasti, dawa ya kung'arisha picha), na hapa ndo tunapowaumiza watu. Kansa ya ini inalishwa na ateri, inawaka kama sekunde 35 baada ya kontrasti, halafu inafifia kuliko ini kwenye awamu ya vena pota, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini (sekunde 70 hivi) au dakika 3 hadi 5. Sasa ukipiga sekunde 70 peke yake huo mwako hujauona, na uvimbe unaweza kulingana na ini kabisa ukaandika ini safi! Hemanjioma inaanza pembeni, vipandevipande, inajaa taratibu kuelekea katikati.

Hatua ya 4. Homa na maumivu kulia, fikiria jipu, lakini kansa iliyooza katikati inafanana nalo, isipopungua kwa dawa rudia kupima. Kwa wafugaji kama Waturkana, kifuko chenye utando ndani kinaweza kuwa cha minyoo ya mbwa, usichome sindano kiholela, maji yake yakimwagika mzio unaweza kuua.

MASWALI

– Mkuu, AFP (kipimo cha damu cha kansa ya ini) ikiwa kawaida si kansa tena?
Hapana, kansa ipo na AFP iko kawaida, tunawaona hao.

– Imewaka ikafifia ila mgonjwa hana sirosisi wala homa ya ini B, niandike kansa ya ini?
Usiandike. Vigezo vya LI-RADS (mwongozo wa kusoma picha za ini) ni vya walio kwenye hatari ya kansa ya ini, huyu anahitaji biopsi (kuchukua kinyama kikapimwe).

– Sie huku CT hakuna, daktari, tufanyeje?
Andika ulichokiona, ukubwa, sehemu, ini likoje, vena pota ina donge au haina, jina la ugonjwa liache, mpe rufaa mapema.